Askari Mmoja Mlangoni: Baba Siti Anapotuaga

Tarehe 30 Juni 2004 Mzee Massoudi Idi, ambaye sote humwita Baba Siti, anastaafu baada ya kuitumikia imprimeri, nyumba ya uchapaji ya Bwana Hamood, kwa miaka thelathini na mitatu. Aliingia mwaka 1971 akiwa kijana wa mtaa wa Buyenzi, hapa Bujumbura, anayejua sana kusoma na asiyejua kunyamaza. Anatoka akiwa mkuu wa chumba cha kompyuta, na kunyamaza bado hajajifunza.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupanga herufi za madini ya risasi kwa mkono, moja moja, zikiwa zimegeuzwa. Kazi hiyo ilimwachia macho ya ajabu. Maandishi yaliyopinduliwa huyasoma kwa kasi ile ile anayosomea yaliyonyooka. Katika mkahawa wa jirani hapa mtaa wa Asiatique, anayekaa mbele yake hukunja gazeti lake, maana Baba Siti hulimaliza kutoka upande wa pili wa meza na kuanza kulijadili kabla mwenyewe hajafungua ukurasa wa pili.

Ana majivuno, na hakuna aliyewahi kumtaka ayaache. Koti lake la kahawia hupigwa pasi kila siku, umeme uwepo au usiwepo. Wateja wa kadi za harusi wanamjua: ukitaka aina tatu za herufi kwenye kadi moja, atakuuliza kama unaoa wake watatu. Wengi huondoka wamenuna, kisha hurudi kumletea harusi ya mdogo wao.

Lakini kama tukitaka kusema Baba Siti amefanya nini kwa mji huu, lazima tuitaje imsakiya. Kila mwaka, kabla ya Ramadhani, imprimeri yetu huchapa karatasi ya saa za kufunga, za kufuturu na za sala, na kuigawa bure misikitini na madukani. Bwana Hamood aliirithi desturi hiyo kwa baba yake, na tangu enzi za baba yake karatasi hiyo imepangwa na mtu mmoja. Mwaka wa zile siku za ville morte, yaani ‘mji uliokufa’, mitaa ilipofungwa na maduka ya Asiatique yakateremsha milango, Baba Siti alikuja kwa miguu. Kwenye kila kizuizi alieleza kwamba anakwenda kuchapa saa za kufuturu, na kila kizuizi kilimpisha, sijui kwa heshima au kwa mshangao. Umeme haukuwepo. Yeye na Népomuscène, fundi wetu wa mashine, waliitoa vumbi ile mashine ya zamani ya kukanyaga kwa mguu, wakakanyaga kwa zamu. Népomuscène ni Mkatoliki wa parokia, lakini mpaka leo akiulizwa kuhusu Ramadhani ile husema, ‘Ile tulifunga na magoti.’ Karatasi zilifika kabla ya mwezi kuandama. Hazijawahi kuchelewa hata mwaka mmoja.

Kompyuta zilipoingia mwaka 1998, herufi za risasi zilifungwa masandukuni, na wako waliodhani Baba Siti atafungwa nazo. Yeye akajiandikisha kozi ya kila Jumamosi, akakaa dawati la mbele na watoto wa rika la binti yake Siti, akamaliza. Kompyuta ya kwanza iliyonunuliwa ndiyo hadi leo iko karibu na dirisha lake. Tunaiita Bibi. Ina kumbukumbu ndogo, inakohoa inapowashwa, na ndani yake ndimo lilimo jedwali la imsakiya pamoja na herufi za Kiarabu ambazo hazikukubali kuhamia kwenye mashine nyingine yoyote.

Sasa nifike mwaka jana, maana watu wanapenda kuusimulia nusu nusu.

Wateja wetu huleta kazi kwenye disketi, na disketi hizo zimepita ofisini, sekretariani wanakopiga chapa, na kwenye sibakafe, yale maduka ya intaneti, kabla ya kutufikia. Mwezi wa nane, disketi moja ilituletea kirusi chenye tabia ya kuhamisha maneno. Kinaliokota neno kwenye mstari mmoja na kulitupa kwenye mwingine. Tukachapa kadi ya harusi ambamo bi harusi alikuwa anaolewa na baba mkwe wake. Mwantum, mama wa chumba cha kukunja na kufunga, ndiye aliyeiona, akacheka mpaka akakaa chini. Kadi zilichapwa upya, na familia nayo ilicheka.

Baba Siti hakucheka. Nilimwona akimtazama Bibi. Alikuwa anaiwaza imsakiya. Hapa kwetu jua linabadilisha saa yake ya kuzama polepole mno, dakika moja kwa siku kadhaa, kwa hiyo kosa kwenye jedwali halionekani kwa macho. Jina la bwana harusi likihama, watu wanacheka. Dakika ya magharibi ikihama, Bujumbura yote inafungua saumu kabla ya wakati, kwa kuiamini karatasi yetu.

Ndipo Suud, mtoto mkubwa wa Bwana Hamood, aliporudi kutoka Dubai na boksi kubwa la kijani. Ndani yake mlikuwa na antivirusi ambayo, kwa maelezo ya boksi lenyewe, ilikuwa inafanya kila kitu. Baba Siti aliiweka kwenye Bibi kwa furaha, na kweli ilifanya kila kitu. Ilikagua kila faili lililofunguliwa na kila lililofungwa, ikajikagua na yenyewe, ikatukumbusha kwamba haina mtandao, kisha ikaanza upya. Ukibonyeza ili ufungue jedwali, unaweza kwenda kununua mandazi. Mwantum alipita mlangoni na rundo la vitabu alivyokuwa amemaliza kufunga, akaangalia kioo kilichoganda.

‘Baba Siti,’ akasema, ‘iyo dawa yako imeua mugonjwa, kirusi iko inamupigia matanga.’

Mtu mwingine angeitoa. Baba Siti alifanya jambo ambalo nadhani lingeweza kufanywa mjini kwetu tu, na mwaka ule tu. Tangu mabomu ya vita yalipoanguka mjini mwezi wa saba, kila nyumba ya Kiriri, mtaa wa wakubwa, ilikuwa imeongeza askari wa pili getini, na yeye hupita huko kupeleka kazi za mabalozi. Akawaza hivi: askari huyu mmoja amezidiwa na kazi, basi tumpatie mwenzake. Akachukua CD iliyokuja na gazeti la Kifaransa la kompyuta, akaiweka antivirusi ya pili juu ya ile ya kwanza.

Bibi alisimama kabisa. Ile ya pili iliifungua hazina ya ile ya kwanza, ikakuta humo alama za virusi elfu nyingi, ikapiga kelele. Ile ya kwanza ikamwona mgeni anayepekua vitu vyake, nayo ikapiga kelele. Kioo kilijaa maonyo, na nyuma ya maonyo hayo, mahali fulani, lilikuwa limefungiwa jedwali la imsakiya. Mwezi ulikuwa unakaribia kutazamwa.

Bwana Hamood aliteremka kutoka ofisini kwake. Hakupandisha sauti, hapandishi kamwe. Alisema anaweza kuipeleka kazi hiyo kwa mchapaji mwingine, mwaka huu tu, hakuna ubaya.

‘Massoudi ndugu yangu, mi sijui izi ordinateri, kompyuta zenu. Kesho adhuhuri niwe nimeona karatasi, ao nitume kwengine. Watu hawawezi kufunga na maneno yetu.’

Kila mtu chumbani alijua maana yake. Ilikuwa Ramadhani ya mwisho ya Baba Siti kazini. Kama ingechapwa kwingine, angeaga akiwa amekosa moja tu, nayo ndiyo ya mwisho. Aliivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, kitu ambacho huwakataza wengine. Kisha akasema, taratibu, kama anayejichunguza:

‘Askari wawili ku mulango moja, na hawajuane. Kila mumoja anaona mwenzake ni mwizi. Na mwenye nyumba analala inje.’

Akazitoa zote mbili. Bibi akakohoa, akafunguka, akawa mwepesi na asiye na ulinzi wowote. Hapo ndipo nilipomwona mtu akichagua kitu kwa akili yake yote.

Suud alitoa kompyuta yake mpya kwa majaribio. Baba Siti alishukuru, akakataa. Mashine yenye nguvu, alisema, haiwezi kukuambia mzigo una uzito gani. Akamfanya Bibi kuwa mahakama. Akaitafuta ile disketi iliyotuletea kirusi, akaifunga uzi mwekundu isije ikachanganyika na nyingine, akanakili jedwali ili lile la asili lisiguswe. Kila antivirusi ingeingia peke yake na kupewa mitihani ile ile: kufungua jedwali, kulituma kwenye printa, na kuipokea disketi ya uzi mwekundu. Ikishindwa inatolewa kabisa kabla nyingine haijaingia.

Ile ya boksi la kijani ilipewa nafasi ya pili, kwa heshima ya Suud. Tuliizimia mapambo yake yote. Iliikamata disketi, lakini jedwali lilifunguka kwa uchovu, na kwenye printa Bibi aliganda tena. Ikaja ndogo sana ambayo nilikuwa nimeipata sibakafe, na nakiri nilikuwa naitakia ushindi. Bibi aliruka kama msichana. Jedwali lilifunguka mara moja, printa ikaitika. Tukaiingiza disketi ya uzi mwekundu, nayo ikaipokea kimya, bila hata kuuliza inatoka wapi. Mwantum, ambaye siku ile hakuwa amekunja karatasi nyingi, alisema huyo si mwepesi, amelala.

Ikabaki ile ya gazeti la Kifaransa, yenye fujo zote za siku iliyotangulia. Peke yake ilikuwa kiumbe kingine. Jedwali lilifunguka Baba Siti akiwa bado anainua kikombe, printa ilifanya kazi, na disketi ya uzi mwekundu ilizuiwa pale pale mlangoni. Kumbe mlinzi mzuri tulikuwa naye tangu mwanzo.

Hakuishia hapo. Aliipangia kazi kama anavyotupangia sisi. Ikague disketi zinazoingia na faili zinazofunguliwa, basi. Ukaguzi wa mashine nzima uwe Ijumaa mchana, wakati sisi tuko msikitini na Bibi hana la kufanya. Orodha ya virusi vipya niilete mimi kwenye disketi kutoka sibakafe, kwa kuwa waya wa mtandao haujafika kwetu. Mpango huo haujabadilika mpaka leo.

Ilipokwisha kumsafisha Bibi, tulilisoma jedwali la asili. Mimi nilisoma kwa sauti kutoka karatasi ya saa ambayo masheikh hutuandikia kila mwaka. Yeye alikaa upande wa pili wa meza, nakala ya Bibi ikiwa imepinduliwa mbele yake, kama alivyozoea enzi za risasi. Alisema ukisoma maandishi yakiwa yamenyooka, akili inakimbilia inachokitegemea, lakini yakipinduliwa inalazimika kutazama. Katika kumi la pili la mwezi akaweka kidole. Dakika mbili za magharibi zilikuwa zimebadilishana siku. Kirusi kilikuwa kimefika kabla yetu. Macho yangu yalikuwa yamepita pale mara mbili bila kuona kitu.

Alizirudisha mahali pake, tukasoma upya tangu mwanzo, kisha akamkabidhi Népomuscène. Kabla ya adhuhuri Bwana Hamood alikuwa na karatasi mkononi, wino haujakauka vizuri. Aliisoma yote amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni. Kwake hiyo ndiyo hotuba.

Jioni ya kutazama mwezi tulipanda juu ya paa la imprimeri, wote, na Népomuscène akiwa wa mbele. Mwantum ndiye aliyeuona kwanza, mwembamba juu ya milima ya Kongo, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nilisikia mtaa mzima ukishangilia kitu kimoja. Karatasi zilikuwa tayari zimebandikwa ukutani, na watu walikuwa na muda wa kuzisoma na kufika nyumbani kabla ya saa ya marufuku ya kutembea usiku. Baba Siti alishuka, akaenda kusimama mbele ya ukuta wa msikiti nyuma ya watu, akisoma kazi yake juu ya mabega yao. Mwanamume mmoja alimwuliza kama saa hizi ni za kuaminika. Alijibu kwamba amesikia hivyo.

Wiki iliyopita Bwana Hamood alimwuliza anataka zawadi gani ya kuagia. Alitajiwa saa ya mkono, kanzu kutoka Maskati, redio. Kompyuta mpya zinakuja mwezi ujao, na Bibi alikuwa ameandikiwa kuondoka siku moja na yeye. Baba Siti aliomba Bibi abaki dirishani mpaka imsakiya ya mwaka huu itoke, awe na mlinzi wake yule yule, mmoja, na mimi ndiye nikae mbele yake. Nilimwuliza kama atakuja kunisaidia kusoma.

‘Apana, binti yangu. Mwaka huu mi nitaisoma ku ukuta, sawa na watu wote.’

Baba Siti, ahsante kwa herufi ulizotupangia, kwa koti, kwa maneno mengi, na kwa macho uliyotufundisha kuyatumia. Imprimeri nzima inakuombea afya, usingizi wa mchana usioamshwa na mteja, wajukuu wa kuwasomea magazeti ya watu, na kila futari kwa dakika yake. Bibi amewashwa asubuhi hii. Amekohoa kidogo, na jedwali limefunguka.

Assia, chumba cha kompyuta, kwa niaba ya wenzake wote