Alitabasamu Moteri Ilipokufa

Chini ya mteremko wa Kinanira, barabara inaponyooka kuelekea mjini, kuna benchi la Huguette. Yeye anauza kahawa na karanga. Sisi tunauza maneno. Tangu esansi ya magari ikosekane, mji umekuwa kimya hivi kwamba alasiri unamsikia mtu akikohoa ng'ambo ya barabara, na ziwa linaonekana limesogea karibu, na milima ya Congo nyuma yake imelala kama watu wasio na haraka. Siku hiyo nilikuwa na Fortunat, tarishi wa ofisi moja ya serikali kule Kigobe, ambaye kwa hiyo tunamwita Ministre, na Valéry, mwalimu wa kwaya, tunayemwita Pasteur ingawa hakuna kanisa lililompa jina hilo. Mwishoni mwa benchi alikaa mama mmoja tusiyemjua. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka mjini, kwa kuwa mabasi hakuna, akamwomba Huguette ruhusa ya kupumzika. Alivua viatu, akasema anaitwa Spéciose.

Ndipo taxi ya Darius iliposhuka bila sauti.

Tunaijua taxi ile. Kwa kawaida unaisikia kabla hujaiona. Siku hiyo ilikuja kama kivuli cha wingu, inateleza tu, ikapita mbele yetu, ikapinda polepole, pua ikaingia katika rundo la mchanga wa mafundi, ikatulia. Hakuna kilichovunjika. Darius akatoka, shati limelowa, akaegemea mlango. Upande wa pili akatoka mzee Musafiri, taratibu, kama mtu anayetoka misani.

Musafiri ni Mcongomani. Alikimbilia huku na familia yake miaka mingi iliyopita. Tunamwita Commandant kwa sababu aliendesha ndege za vita katika jeshi la Zaire, enzi nchi yake ikiitwa hivyo. Jambo hilo tulilijua wote, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kulisimulia.

— Kaa, Darius, kunywa kitu, alisema Huguette.

— Sikai. Mpaka huyu muzee anijibu kwanza.

— Kumefanyika nini?

— Esansi iliniishia pale juu, ku kona ya kwanza. Moteri ikakufa. Nikakanyaga freni mara ya kwanza, ikashika. Mara ya pili, ikashika kidogo. Mara ya tatu ikageuka jiwe. Volani ya kugeuza gari nayo ikawa nzito sawa vile nasukuma ukuta. Mbele yangu kuna mama na kikapo ya ndizi. Nikaona watoto yangu wote wane, mumoja mumoja. Nikageuza kichwa nimwambie muzee ashike mlango. Munajua alikuwa anafanya nini?

— Alikuwa anaomba, alisema Pasteur.

— Alikuwa anacheka. Si kwa sauti. Anatabasamu tu, mikono ku magoti, macho kule ku ziwa. Sisi tunakufa, muzee anatabasamu.

Musafiri alikuwa amekaa. Alipokea kikombe chake kwa mikono miwili.

— Mi najua, alisema Ministre. Hiyo inaitwa mushituko. Mutu akiogopa sana, uso unachanganya. Kule ofisini kuna mukubwa mumoja, walimuletea barua ya kumufukuza, akacheka mpaka saa sita. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Hiyo inaingia wapi? aliuliza Huguette.

— Inaingia. We ngoja.

— Apana, alisema Pasteur. Huyu aliona malaika. Biblia iko wazi. Mutu akikaribia kuondoka, anafunguliwa dirisha. Malaika alikuwa anakimbia pembeni ya gari, ameshika mlango.

— Malaika gani anakimbia Kinanira? aliuliza Ministre.

— Yule yule aliyegeuza volani. Darius anasema volani ilikuwa ukuta. Sasa nani aligeuza?

— Mi niligeuza, alisema Darius. Na haya mabega.

— Ao basi muzee alikuwa amelala, alisema Ministre. Majeshi ya zamani walifundishwa kulala macho wazi. Alikuwa anaota iko bado mu ndege. Na taxi nayo ikaamini ni ndege. Ndo maana haikugonga mutu. Mpanda ngazi hushuka.

— Hiyo ni ya wakubwa, si ya ndege, alisema Pasteur.

— Ndege nayo ni mukubwa.

Darius hakucheka. Alimtazama Musafiri, na sauti yake ikashuka.

— Muzee, mi nakuheshimu. Wewe ni kama baba yangu. Lakini uliniacha peke yangu mule ndani. Niambie tu ni kwa nini.

Musafiri aliweka kikombe chini.

— Unisamehe, mutoto wangu. Nilikuona. Ulikuwa unaendesha vizuri, sikutaka kukugusa. Lakini nilisikia kile kimya, nikaenda nacho. Siku moja nilikuwa juu sana, peke yangu. Ndege iliingia mu ndege.

— Ndege gani iliingia mu ndege gani? aliuliza Ministre.

— Ya manyoya iliingia mu ya chuma. Korongo mukubwa. Alimezwa na moteri, kukawa mulio mumoja, kisha moteri ikakufa. Mutu anafikiri hapo unaanguka sawa jiwe. Apana. Kitu cha kwanza si kuanguka. Kitu cha kwanza ni kimya. Miaka yote ile nilikuwa sijasikia upepo. Siku ile nikausikia.

— Na volani? aliuliza Darius.

— Ni fimbo, iko kati ya magoti. Lakini kwa mbio ile mukono wa mutu hauna nguvu ya kugeuza bawa. Kuna mafuta mu mishipa ya ndege, moteri inayasukuma, ndo yanageuza. Moteri ikikufa, nguvu inayobakia ni kidogo, sawa zile freni zako mbili. Kila ukicheza fimbo, unaikula. Ukiogopa, ukicheza sana, inaisha, fimbo inageuka jiwe.

— Basi unafanyaje?

— Tumboni mwa ndege kunatoka kapanga kadogo, sawa feni, upepo unakazungusha, kenyewe kanasukuma yale mafuta. Upepo ule ule unaopita ndo unakupa mukono. Lakini mpaka uende mbio. Na huna moteri ya kukupeleka mbio. Basi unashusha pua. Kule juu uliko ndo esansi yako. Unaitumia polepole, na ukiisha kuitumia hairudi.

Alinyoosha kiganja chake hewani, akakiinamisha kidogo, kikateleza kuelekea chini mbele ya macho yetu. Kilikuwa kiganja cha mzee, kina madoa.

— Niliona mito, aliendelea. Niliona moshi wa mutu anachoma shamba, ukasimama wima, nikajua chini hakuna upepo. Niliona uwanja, mudogo sawa kijiti cha kibiriti. Redio ilikuwa inaniambia niruke na kiti, kuna kiti ya kukutupa inje na mwavuli. Nikasikia sauti yao iko mbali sana. Sikuruka.

— Sababu uliogopa kuacha ndege ianguke ku watu, alisema Pasteur.

— Chini kulikuwa pori tupu.

— Kiti kilikuwa kimeharibika, alisema Ministre.

— Kilikuwa kizima.

Musafiri alisema alishusha magurudumu mwisho kabisa, kwa sababu magurudumu nayo yanashika upepo. Alifika uwanjani akiwa na mbio nyingi mno. Matairi yakapasuka, ndege ikaenda ikasimama katika majani marefu, kupita mwisho wa lami. Mafundi walikuja wakikimbia. Walimkuta mzima, amekaa, kioo cha juu amekifunga, hataki kukifungua.

— Wakafikiri nimekufa, alisema. Mi nilikuwa nasikiliza bado. Nilirudi kuendesha miaka mingine mingi, na moteri haikukufa tena hata siku moja. Mpaka leo, mu gari yako.

Darius alitazama mteremko aliotoka. Huguette alikuwa ameshika chupa ya kahawa bila kummiminia mtu.

Ndipo yule mama wa mwishoni mwa benchi, Spéciose, ambaye hakuwa amesema kitu tangu atupe jina lake, akamgeukia mzee.

— Baba, aliuliza kwa upole, siku ile kule juu, ulikuwa unataka kushuka?

Musafiri alinyoosha tena kiganja chake, kikashuka polepole, akakizuia kabla hakijagusa goti. Alitazama kiganja chake, kisha ng'ambo ya ziwa, kisha akamtazama yule mama kama mtu aliyeulizwa njia ya nyumba aliyoihama zamani. Barabarani hapakupita gari.

Darius akaondoka pale mlangoni mwa taxi, akavuka barabara, akakaa kwenye benchi karibu na mzee, bega kwa bega.