Historia ya Efrazia Basili Lohay, Aliyewaogopesha Watu Kisha Akawachekesha

Baba Paroko, ndugu, majirani wa Gitting na wageni wote mliofika, sehemu kubwa ya haya ninayowasomea alinisimulia baba yangu, Hermani Basili Lohay, kaka wa marehemu, nyumbani Daudi, Jumatatu ya Pasaka, tarehe 28 Machi 2016, marehemu mwenyewe akiwa ameketi pembeni anachambua maharage na kumsahihisha kila alipokosea, na mimi Maximilian, mtoto wa kaka yake, nimeombwa na familia niyasome bila kuongeza.

Shangazi Efrazia alizaliwa tarehe 14 Septemba 1953 katika kijiji cha Daudi, Wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Basili Lohay na Mama Marieta, wakulima wa ngano na wafugaji, akabatizwa mwezi uliofuata. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Daudi kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, kisha sekondari ya wasichana ya misheni hadi mwaka 1971, na huko shuleni, katika igizo la Ijumaa Kuu, alipewa nafasi ya mama anayelia chini ya msalaba, akalia hata sista aliyesimamia akapanda jukwaani kumshika, akidhani amepata habari ya msiba wa kwao.

Mwaka 1973 alikwenda Dar es Salaam kufanya kazi ya kupiga chapa katika ofisi ya watengeneza filamu, na mwaka 1976, mwigizaji mmoja alipougua, akasimamishwa yeye mbele ya kamera, akapewa nafasi ya mama aliyekufa akijifungua, ambaye kila ukungu ukishuka hurudi katika nyumba aliyoiacha, hasimami karibu, habishi hodi, hapepesi macho, ila husema kwa sauti ya chini, "Fungua mwanangu, nje kuna baridi." Filamu ile ilizungushwa mikoani kwa gari la sinema, na ilipoonyeshwa Mbulu mjini, kwenye shuka jeupe lililotundikwa uwanja wa mnada, akina mama waliwafunika watoto wao kwa kanga wakaondoka kabla haijaisha. Baada ya hapo aliigiza filamu nyingine za namna hiyo, wafu, wajane na wanawake wanaotoka ziwani nguo zikiwa kavu, na hakuna aliyemwita kwa kazi ya aina nyingine.

Tarehe 22 Novemba 1980 alifunga ndoa na Bwana Cornel Gidamis, aliyekuwa bwana shamba hapa Gitting, na Mungu akawajalia watoto watatu, Emanuel mwaka 1981, Modest mwaka 1984 na Imakulata mwaka 1986. Majirani walimpokea kwa heshima lakini kwa mbali, salamu alipewa, chakula alicholeta msibani hakikuguswa, na sokoni muuza vitunguu mmoja alimwambia, "Mama, chagua tu mwenyewe uweke hela hapo, usiniangalie."

Sisi tuliokulia nyanda hizi tumefundishwa kwamba anayefika kwenye mji wa mtu husimama nje ya uzio, akataja jina lake na la baba yake, na aliye ndani haitikii sauti isiyojitaja, hasa ukungu ukiwa umeshuka. Tarehe 19 Aprili 1984, saa kumi na mbili jioni, Bwana Cornel akiwa safarini Babati, shangazi alishikwa na uchungu kabla ya wakati, akatoka kuelekea zahanati, ukungu wa mlimani ukamfunika njiani, akafuata ukuta wa nyumba kwa mkono mpaka mlango wa jirani yake, Mama Evaline Amsi, na kwa maumivu yale akasahau kutaja jina, akasema tu, "Fungua, nje kuna baridi." Mama Evaline alikuwa ndani na watoto wake, alikuwa ameiona ile filamu Mbulu, aliitambua sauti, na kwa sababu aliitambua hakufungua, akawakusanya watoto kitandani wakasali rozari kwa sauti kubwa wasiisikie. Mume wa Mama Evaline aliporudi na ng'ombe alimkuta shangazi chini ya dirisha, mtoto akiwa amezaliwa na amepoa, akabatizwa Modest usiku huo, akafariki kesho yake. Jambo hili Mama Evaline mwenyewe ameomba lisomwe lilivyo, wala lisipunguzwe.

Shangazi hakumlaumu jirani yake. Alimwambia baba yangu, "Kaka, mimi na Evaline hatuna ugomvi, ugomvi wangu ni na ile sauti, maana nikifika mlangoni watu wanaisikia hiyo, hawanisikii mimi." Mwaka 1987 akapanda basi hadi Dar es Salaam kwa mwongozaji wake wa zamani, Bwana Vicent, akaomba nafasi katika filamu ya kuchekesha, na yule bwana akacheka hapo hapo ofisini, akasema, "Mama, wewe watu wakikuona wanatafuta rozari," naye akamjibu, "Basi waishike huku wanacheka." Akapewa nafasi ya mkwe mlafi anayesafiri na kuku kwapani, ambaye familia nzima ikimwona inajificha uvunguni, naye anabaki kuongea na mlango, na kuku ndiye anayemjibu, na ni shangazi mwenyewe aliyedai kwamba katika maneno ya mkwe yule yawemo yale ya zamani, neno kwa neno.

Gari la sinema lilifika Gitting mwezi Julai 1988, shuka likatundikwa uwanja wa shule, na watu wakaja wengi, ila walikaa karibu na njia ya kuondokea. Kwa muda mrefu hakucheka mtu, mkwe alianguka na kapu, hakucheka mtu, kuku akatoroka, kimya, na baba yangu aliyekuwepo alisema ilikuwa kama kanisani siku ya maiti. Kisha mkwe akasogea mlangoni, uso ukajaa shuka lote, akasema yale maneno. Mama Evaline akainuka katikati ya watu, akatembea mpaka kwenye shuka, kivuli chake kikipanda juu ya ule uso, akainua pindo kama mtu anayefungua mlango, akasema, "Karibu ndani, Mama Emanuel, umekaa nje sana." Nyuma ya shuka palikuwa na giza tu, na uwanja mzima ukaangua kicheko, wakidhani anafanya utani. Shangazi, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, hakucheka, alipita katikati yao, akamshika mkono, akasema, "Shikamoo, dada," akajibiwa, "Marahaba, mdogo wangu, twende nyumbani," na tangu wiki ile wanawake wa Gitting walianza kuingia kwake bila kuogopa, na kula.

Lakini sauti haikukoma. Jioni za ukungu watu waliendelea kuisikia mlangoni, wakafungua huku wanacheka, wakijua ni Mama Emanuel anapita, wakakuta hakuna mtu, naye wakati huo akiwa kwake anakoroga uji. Mwaka 1990 aliisikia yeye mwenyewe, akaenda akafungua mlango wote, akasimama kando kama anayempisha mgeni, na Bwana Cornel alimsimulia baba yangu kwamba aliona ukungu ukiingia, si mrefu, kimo cha mtoto wa miaka sita, ukapita kati ya viti, ukaingia chumbani, na mkewe akafunga mlango akasema, "Ameshaingia." Baada ya hapo haijasikika tena Gitting. Baba aliposimulia hili alisema lilitokea masika, na marehemu akainua uso kutoka kwenye maharage akasema, "Hapana, ilikuwa Juni," akaendelea kuchambua.

Hakuigiza tena. Alilima, alilea, alifundisha kwaya ya watoto, akamzika mumewe mwaka 2009. Mwaka 2022 alianza kuugua figo, akatibiwa hospitalini Mbulu na Arusha, na alifariki Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sabini na moja, ameacha watoto wawili na wajukuu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wanakwaya, walimu, wote waliofanya naye kazi, na majirani mliompikia na kumwogesha alipokuwa hawezi.

Kati ya waliotajwa humu, Bwana Vicent alifariki mwaka 1999 na baba yangu mwaka 2019. Emanuel na Imakulata wako hai na wako hapa. Mama Evaline Amsi yu hai, ameketi mstari wa mbele pamoja na wafiwa, katika kiti ambacho marehemu aliagiza asikalie mtu mwingine.

Shangazi Efrazia, ulale kwa amani.