Programu Inayotaka Mbwa Afungwe

Ndani ya basi, msichana wa kiti cha mbele yangu alipakata kompyuta, kidole kinamwasha kubonyeza. Alikuwa akimweleza jirani yake, fundi wa kompyuta asiyemjua, kwamba amepata programu ya kurudisha picha za marehemu mama yake, alizozifuta kwa bahati mbaya. "Ila kaka, inataka nizime kwanza kinga ya virusi."

"Dada, mgeni anakwambia umfunge mbwa ndipo aingie, nawe unatafuta kamba? Ipime kwanza mtandaoni, kwenye tovuti ya kukagua virusi."

"Nimeipima. Programu nyingi za ukaguzi zimesema ni salama, tatu zimesema ni hatari."

"Ifute!"

"Wewe mama yako yu hai?"

Fundi akakitazama kidole chake, sasa kiko juu ya kitufe. Mimi nyuma nimenyoosha shingo kama kobe. Basi likafika kituoni kwangu. Nilishuka kinyumenyume, kwa umri huu, nisikipoteze machoni kile kidole, ambacho kilikuwa bado hakijabonyeza.