Bi Siu Ngek na Mbegu Aliyoitema

Marehemu Bi Siu Ngek, wa ukoo wa Ung, alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 katika chumba kilicho juu ya karakana ya vyuma chakavu, Talat Noi, Bangkok. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa Mzee Teng Hai, aliyetoka Swatow, Uchina, na Bi Chan Muai. Kabla ya kufa aliagiza mambo mawili kuhusu wasifu huu: usimsifu kwa uongo, na jina moja lisiandikwe. La kwanza limetekelezwa.

Alisoma shule ya msingi ya Kichina ya mtaani hadi darasa la nne, mwaka 1957. Alimsahihisha mwalimu mbele ya wenzake, akafukuzwa hadi atakapoomba radhi. Hakuomba. Alikwenda kumsaidia baba yake, aliyekuwa akitembeza vitamu kwa mzega, mti wa begani wenye mzigo kila ncha.

Mwaka 1968 baba na binti walifungua duka kwenye kichochoro kinachotokea barabara ya Yaowarat. Liliuza madonge ya unga wa mchele wa kunata yaliyojazwa ufuta mweusi, katika maji ya tangawizi ya moto, na mbegu za mti wa ginko zilizopikwa kwa sukari. Mbegu ya ginko ina kiini cha kijani, chembamba kama sindano, na kiini hicho ni kichungu. Hutolewa kwa kijiti, mbegu moja baada ya nyingine, na Bi Siu Ngek alizikagua mwenyewe. Hakuna aliyewahi kusema vitamu vyake ni vibaya. Kuhusu ulimi wake, yalisemwa mengi.

Msichana aliyekuwa akilipiga picha bakuli aliambiwa, “Dada, hilo si bwana harusi. Kula au ondoka, wenzako wamesimama.” Kijana aliyeomba, “Shangazi, nipunguzie tangawizi,” alijibiwa, “Bomba liko nje, maji yake hayana tangawizi kabisa.” Wageni waliona ni vichekesho na foleni ikazidi kurefuka. Havikuwa vichekesho. Aliwachukia watu wanaochezea chakula, na hesabu yake ya watu hao ilijumuisha karibu kila mtu.

Mwaka 1971 aliolewa na Bwana Thawon, fundi wa injini. Fundi huyo alikuwa akila bakuli tatu kila jioni, hadi siku moja akaulizwa, “Kwani kwenu hawapiki?”

“Wanapika. Ila hakuna anayenifokea vizuri kama wewe.”

Bwana Thawon, aliyefariki mwaka 2009, alisimulia kwamba siku ile mkewe alicheka kwa sauti. Shahidi ni yeye peke yake. Walijaliwa watoto wawili, Prasoet na Orawan.

Mdogo wa marehemu, Kim Chua, alimwoa Bi Lamyai wa Suphan Buri mwaka 1981. Bi Lamyai hakuwa Mchina. Alifanya kazi jikoni kwa wifi yake miaka kumi na tatu, akisafisha ginko, na hakuitwa kwa jina lake, aliitwa “yule wa mashambani.” Siku moja ya mwaka 1994, duka likiwa limejaa, Bi Siu Ngek alitafuna mbegu moja, akaitema kiganjani, akasema ni chungu.

“Kwenu mnawalisha watu hivi?”

“Wifi, nionyeshe hicho kiini.”

Bi Siu Ngek hakuonyesha. Aliitupa mbegu mtaroni, akamwaga na sufuria nzima juu yake. Kiini hakuna aliyekiona. Mwezi uliofuata Kim Chua na mkewe walifungua duka lao ng'ambo ya kichochoro, mlango ukitazamana na mlango. Wateja walipouliza habari za duka hilo, marehemu aliwajibu, “Kule wanauza maji ya kuoshea sufuria zangu.”

Kim Chua alifariki mwezi Desemba 2003, siku chache kabla ya sikukuu ya madonge, ambapo kila nyumba hufinyanga madonge na kuwatengea pia waliokufa, mbele ya picha zao. Kwetu, nyumba yenye msiba haifinyangi madonge ya sikukuu. Ndugu na majirani huyaleta, ili hata meza ya marehemu isikae tupu. Mwaka ule Bi Siu Ngek aligawa madonge kichochoro kizima, akauruka mlango wa mdogo wake. Jirani alipomuuliza, “Na wifi yako je?” alisema, “Ana mikono.” Alijua vizuri kwamba mikono hiyo ilikuwa imefungwa na msiba. Picha ya Kim Chua ilipitisha sikukuu bila bakuli.

Mwezi Juni 2021 marehemu alipata kiharusi, akapooza upande wa kulia. Aliendelea kuliongoza duka akiwa kitini, kwa sauti. Mwezi Novemba mwaka huu moyo ulidhoofika, akalazwa. Kwa mwanawe alisema maneno haya: “Yule wa ng'ambo asiandikwe kwenye wasifu wangu.” Prasoet alijibu, “Ndiyo, Mama.” Alifariki asubuhi ya tarehe 16 Desemba 2023, akiwa na miaka sabini na saba.

Sikukuu ya madonge ilikuwa jana, tarehe 22. Safari hii mikono iliyofungwa ilikuwa ya nyumba yake. Majirani, ambao wengi wao waliwahi kufokewa, hawakuleta kitu hadi saa nne asubuhi. Ndipo Bi Lamyai alipovuka kichochoro, akiwa na bakuli lililofunikwa: madonge meupe yasiyojazwa kitu, katika maji ya tangawizi, na ginko juu yake.

Prasoet alisimama mlangoni. Alichukua kijiko, akapasua mbegu moja, akatazama ndani.

“Unaogopa nimemwekea uchungu?” aliuliza Bi Lamyai.

“Shangazi, samahani, nilitaka tu...”

“Usiniombe samahani. Pasua zote.”

“Zote?”

“Mama yako alinihukumu kwa moja.”

Prasoet alizipasua zote, wafiwa wakitazama. Hakuna iliyokuwa na kiini. Bi Lamyai alilichukua bakuli, akaliweka mbele ya picha, akasema, “Kula, wifi. Tangawizi nimeitia kali, usije ukadhani nimekuonea huruma.” Hakukaa. Alirudi kufungua duka lake.

Ndiyo maana ukurasa huu wa kijitabu cha mazishi ulichelewa kufika kwa mchapaji. Agizo la pili limevunjwa, na aliyelivunja ni Prasoet, kwa mkono wake.

Bi Siu Ngek ameacha mtoto wa kiume, Prasoet, mtoto wa kike, Orawan, wajukuu watatu, na wifi mmoja, Bi Lamyai, ambaye ginko yake ni safi.

Apumzike, na amani imvumilie.