Nakhle Rahmeh, Aliyeulinda Mteremko wa Ain Jawza

Ami yangu Nakhle Rahmeh alizaliwa tarehe 3 Februari 1951 hapa Ain Jawza, milimani Lebanoni, mtoto wa tatu wa marehemu Youssef na Salma. Theluji ilikuwa imeziba mlango, mkunga akaingizwa kwa dirisha la juu. Alisoma kwa masista hadi darasa la saba, akaacha. Yeye na hesabu walikuwa paka na panya.

Mwaka 1969 aliajiriwa kuendesha viti vya kamba vilivyowapandisha watu wa kuteleza kwenye theluji. Matajiri wa Beirut walijaza hoteli zetu. Vita vikaja, hoteli kuu ikawa kambi, mteremko ukategwa mabomu ya ardhini. Mwaka 1978 alimwoa Wadad Keyrouz, wakajaliwa mwana, Hanna, na binti, Mirvat.

Amani iliporudi, mteremko ulisafishwa, tukaambiwa ni salama. Sisi, watu wa theluji, tukasahau kwamba ikiyeyuka hukokota kila kitu. Bomu lililosalia kileleni lilishuka nayo. Julai 1996 Hanna, kijana wa miaka kumi na saba, alipanda kuchota theluji iliyohifadhiwa shimoni, wageni wa kiangazi waile na asali ya zabibu. Tulimzika siku ya pili.

Tangu hapo, kila kiangazi ami alikaa chini ya mteremko akiwarudisha wageni waliotaka kupanda kupiga picha. Wenye hoteli walichukia. Mmoja alimwambia mbele yangu, akimwita baba wa Hanna kwa Kiarabu, "Abu Hanna, mlima umeshapimwa mabomu. Msiba wako usitulaze njaa."

Ami akamjibu, "Tangu upimwe theluji imeanguka mara ngapi? Mtangulize mwanao, mimi nitamfuata."

Yule bwana aliondoka.

Mwaka jana mapafu yalianza kumsumbua. Alifariki hospitalini Ijumaa, tarehe 11 Agosti 2023. Kabla ya kukata roho aliuliza nani yuko mlimani. Mirvat akamwambia, "Yupo mtu, baba." Akafumba macho. Hakukuwa na mtu, na uongo ule umemkaa Mirvat kooni.

Marehemu ameacha mjane, wajukuu wawili, na binti huyo, ambaye wengi mmeuliza mbona hayupo kaburini. Yuko mteremkoni tangu asubuhi, kwa kuwa mazishi haya yameleta wageni wengi wasioijua njia. Akiwaambia mrudi, rudini.

Apumzike kwa amani. Mlima una mtu.