Giligilani ya Loice

Loice ndiye aliyeniambia kwanza, wanangu, kwamba giligilani ya kwenye kopo la viungo na dania ya kutia kwenye kachumbari ni mmea mmoja. Kheri, kaa chini unisikilize mamako. Zainabu, mlaze mtoto uandike, na usinipambie maneno.

Mnamkumbuka Loice, mpangaji wetu wa chumba cha uani, mtu wa bara aliyekuwa akipika hotelini Diani. Mimi niliyezaliwa na kuzeekea hapa Msambweni nilidhani giligilani huota Uhindini tu, sisi tukaikuta dukani. Yeye alizipasua punje kwa chupa, akazifukia kando ya kisima, akaiacha miche mpaka ikatoa maua, kisha mbegu. Akanionyesha na kuzichemsha, mzazi anywe maji yake yamwondolee gesi tumboni. Zainabu, ulipojifungua mtoto wa kwanza uliyanywa, ukapata usingizi. Wanawake wakaanza kuja na vikombe vyao, nami nikawaambia dawa hii nimeachiwa na bibi yangu.

Siku ya harusi ya kwa Mzee Chirau, tukimenya vitunguu, wakanisifu kwa dawa hiyo. Loice akacheka, akasema, "Mama Kheri, si mimi niliyekuonyesha?" Hakuwa na ubaya. Nikamjibu mbele ya wote, "Tangu lini mtu wa bara akamfunza Mswahili viungo? Wewe kasonge ugali." Wakacheka mpaka mmoja akaangusha kisu. Loice akamaliza vitunguu vyake.

Niinulieni mto kidogo.

Sasa yuko Mackinnon Road, huwapikia madereva wa malori. Kheri, mtafute. Chumba cha uani na kile kitalu cha kisimani ni vyake. Viko ndani ya thuluthi ya mali yangu niwezayo kuusia, na wosia hupewa asiyerithi, kwa hivyo usiniletee maneno ya ukoo. Wanawake wakija matangani kunisifu, Zainabu, simama uwaambie kweli. Najua una haya, mwanangu. Mimi ndiye niliyepaswa kuona haya, sikuona. Radhi zangu mnazo nyote wawili, Mungu awahifadhi na wajukuu zangu.

Pumzi hainitoshi. Bado moja. Asubuhi ya pili ya harusi ile Loice alitoka na mzigo wake, akapita barazani nilipokaa, akainama, akasema, "Shikamoo, mama." Nilimsikia. Nikauinamia ungo wangu, nikachambua mchele, hata alipovuka barabara sikuinua uso. Mwambieni... mwambieni marahaba.