Sumaku Alifunga Kufuli

Ndugu, jamaa na majirani, mbele yenu amelala fundi umeme mliyemjua kwa jina la Sumaku. Wasifu wake umeandikwa, na sasa unasomwa, na mdogo wake wa pekee. Mengi yaliyomo mnayajua. Liko moja mnalolijua vibaya, na kwa hilo moja marehemu aliitwa mzembe miaka kumi na moja. Leo linanyooshwa, liume litakapouma.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, kifungua mimba wa mama fundi cherehani na baba mpaka rangi. Alianza shule mwaka 1976. Akiwa darasa la tano alizungushia msumari waya wa shaba alioutoa kwenye feni mbovu, akauunganisha na betri, akapita nao sakafuni akiokota pini za mama zilizozama kwenye nyufa. Akichomoa waya, pini zinadondoka, akiurudisha, zinaganda. Mama akasema, "Haya, leo angalau umevunja kitu kikafaa." Jina la Sumaku likamkaa hapo hapo, hata walimu wakasahau lile la kwenye daftari.

Alisomea ufundi umeme chuoni kuanzia 1986 hadi 1988, na Februari 1989 akaajiriwa kiwanda cha magunia. Kulikuwa na mota arobaini, naye alizijua kwa sauti. Mota ikiungua, aliifungua, akatoa koili zilizokaangika, akasuka nyingine kwa mkono, mzunguko kwa mzunguko, na ole wako umsemeshe akiwa anahesabu. Waliojifunza kwake walianza kwa kujifunza woga. "Umeme hauna shemeji," aliwaambia. Kabla ya kugusa mota unazima swichi, unaifunga kwa kufuli lako mwenyewe, ufunguo unautia mfukoni, na hakuna mwingine wa kulifungua hata awe meneja. Kanuni hiyo aliiandika yeye ukutani kwa rangi nyekundu.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Agosti 1994 na muuguzi aliyemletea feni iliyokuwa ikinguruma bila kuzunguka mpaka isukumwe kwa kijiti. Marehemu alimweleza kuwa kapasita imekufa: umeme unafika, ila mota haipati nguvu ya kuanzia. Mke wake husema mpaka leo kwamba fundi mwenyewe alikuwa na ugonjwa huo huo. Miaka miwili alinguruma tu, ikabidi asukumwe. Walijaliwa binti na mvulana. Baba alipofariki mwaka 1996, walimchukua pia mdogo wake marehemu, wakamlea, wakamsomesha ufundi, na marehemu akamwombea kazi pale pale kiwandani.

Sasa tufike kwenye Jumanne ya tarehe 9 Juni 2009. Taarifa ya kiwanda inasema Sumaku aliifungua mota ya mashine ya kufuma bila kuzima wala kufunga swichi. Si kweli. Alizima, akafunga kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Ufunguo wa akiba alikuwa amempa mdogo wake autunze nyumbani, kwa sababu hakuna aliyemwamini zaidi. Mdogo, mwenye miezi minne tu kazini, akawa anatembea nao. Saa nne asubuhi msimamizi alikuwa akifoka kwamba kazi imesimama. Mdogo akaona sanduku la vifaa limefungwa, akadhani kaka amemaliza, ameenda kunywa chai. Hakuita. Hakwenda kuangalia. Alifungua kufuli, akawasha. Sumaku alikuwa nyuma ya mota, mkono wa kulia ukiwa kwenye nyaya.

Wodini, sauti ikiwa haitoki vizuri, neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani kakuona?"

"Hakuna, kaka."

"Kufuli liko wapi?"

"Ninalo."

"Basi mimi sikuzima wala sikufunga. Umesikia? Mkeo ana mimba. Nyamaza."

Na mdogo mtu alinyamaza. Mkono ulikatwa chini ya kiwiko. Wiki ya tatu marehemu akafukuzwa kazi. Chini ya ile kanuni ukutani pakaandikwa: Mkumbukeni Sumaku. Vijana wa mafunzo wakawa wanaonywa kwa jina lake. Nyumbani mama alimsema mbele ya wageni: "Unafundisha watu wasife, halafu unajitia motoni mwenyewe!" Marehemu alicheka tu. Mdogo wake alikuwa pale mezani, anakula.

Sumu ya misuli iliyoungua ndani kwa umeme siku ile ilizijeruhi figo, nazo hazikurudi sawa. Tangu 2017 alisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Akiwa amelala pale alisikiliza pampu ya mashine, akawaonya wahudumu kuwa beringi inakaribia kwisha. Ikaisha kweli. Siku tatu kabla ya kifo, mdogo wake alimwomba ruhusa ya kusema. Akajibu, "Nikiwa hai usiniharibie uongo wangu. Nikifa, ni juu yako." Alifariki Jumatano tarehe 3 Februari 2021, saa nane mchana.

Jana mjane, aliyekuwa akijua siku zote, alisema, "Shemeji, mimi nimechoka kukufichia. Nenda kwa mama." Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi nilimsema mbele za watu. Na wewe kaseme mbele za watu." Tangu hapo hajamsemesha tena mwanawe huyo.

Mafundi wa kiwandani mliofika, mkirudi kazini lifuteni lile jina ukutani.

Marehemu ameacha mama mzazi, mjane, binti, mvulana na wajukuu wawili. Ameacha pia mdogo mmoja, ndiye aliyewasha swichi, na karatasi hii ikiisha atabaki papa hapa kando ya kaburi, kwa yeyote mwenye neno naye.

Apumzike kwa amani tuliyomnyima.